Pima mkeka kabla ya kumwaga resini

Kifuniko cha kwanza nilichotengeneza kwa faibaglasi, yaani mkeka wa nyuzi za kioo uliolowekwa resini (plastiki ya maji inayokauka ikawa ngumu), kilinipa fahari kubwa. Kilikuwa cha takriban mita moja ya mraba, kizito, kinang'aa, na nilipokibonyeza katikati kwa viganja viwili hakikunesa hata kidogo. Miezi michache baadaye kona yake moja ilipasuka na ufa ukatambaa kuelekea katikati. Hakikugongwa wala hakikuanguka. Kilikuwa kikifunguliwa na kufungwa tu.

Ningeweza kuuziba ule ufa nikaendelea na kazi. Nashukuru sikufanya hivyo. Nilikata kipande cha gramu 20, nikakichoma nje, mbali na watu, nikiwa nimesimama upande unakotoka upepo, kwa sababu moshi wa resini ni mweusi na una sumu. Resini iliungua yote, kioo kikabaki. Nilipopoa moyo na nyuzi nazo zikapoa, nilizipima: gramu 3.6, yaani asilimia 18. Kazi ya mkono ikifanywa vizuri kwa mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa, kioo hufika asilimia 30 hivi kwa uzito.

Kisha nikachoma kipande cha kona. Nyuzi zilizobaki zilionyesha waziwazi kilichotokea: mkeka haukuwahi kuingia ndani ya kona. Ulikuwa umeruka kutoka ukuta mmoja hadi mwingine kama daraja, na chini ya daraja lile kulikuwa na resini tupu. Ufa ulikuwa umeanzia hapo hapo.

Mafundi wengi wanaoanza huamini, kama nilivyoamini mimi, kwamba resini ndiyo nguvu na mkeka ni wa kuishikilia tu. Mambo ni kinyume. Unyuzi wa kioo cha kawaida kinachoitwa E, ukiwa mpya, hustahimili kuvutwa kwa zaidi ya megapaskali 3,000 (kipimo cha nguvu kwa eneo). Resini ya poliesta iliyokauka huishia kwenye 50 hadi 70. Ukakamavu wa kioo ni gigapaskali 72 hivi, wa resini ni 3 au 4. Kazi ya resini ni kuzishika nyuzi mahali pake, kuhamisha mzigo kutoka unyuzi mmoja hadi mwingine, na kuzikinga na maji na mikwaruzo. Ni kazi ya lazima, lakini ikizidi inakuwa uzito wa bure.

Mbona basi kifuniko changu kilionekana imara mkononi? Hapa ndipo wengi tunapodanganyika. Ugumu wa bamba kupinda hupanda kwa unene wake kuzidishwa mara tatu kwa wenyewe: ongeza unene mara mbili, ugumu unapanda mara nane. Resini ya ziada ilikuwa imefanya kila tabaka liwe nene karibu mara mbili ya inavyotakiwa, kwa hiyo bamba halikunesa. Lakini kutonesa ni jambo moja na kutopasuka ni jambo jingine. Poliesta hupungua ujazo kwa asilimia 7 hivi inapokauka, na pasipo na nyuzi za kuishika hubaki imejivuta ndani kwa ndani, ikingoja sababu ndogo tu ya kupasuka.

Kwa hiyo sasa mizani ndicho kifaa changu cha kwanza. Nakata mkeka wote wa kazi nzima, naupima, halafu napima resini mara 2 hadi 2.5 ya uzito huo. Mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba unakunywa resini ya kilo moja hivi na kukupa unene wa milimita moja. Ukiona resini imebaki nyingi kwenye ndoo, usiimwage juu ili isipotee. Ukiona haitoshi, jiulize kwanza imetuama wapi.

Namna ya kulaza nayo ina siri yake. Paka resini kwenye kalibu kwanza, laza mkeka juu yake, uache uinyonye kutoka chini. Gundi inayoshika nyuzi za mkeka inahitaji dakika chache ilainike, na mkeka hubadilika kutoka weupe hadi kuwa kama kioo cha dirisha. Hapo ndipo upitishe rola ya chuma yenye mifereji, polepole, kutoka katikati kwenda pembeni. Doa jeupe lililobaki ni hewa au nyuzi kavu. Kwenye kona, chana mkeka vipande vidogo kwa mkono, maana kingo zilizochanwa huungana vizuri kuliko zilizokatwa kwa mkasi. Zaidi ya hapo, zungusha kona zenyewe wakati wa kutengeneza kalibu. Kona kali ya digrii 90 ni adui hata kwa fundi mwenye mikono mizuri.

Kuhusu hadena, kemikali inayoifanya resini ikauke: asilimia 1 hadi 2 ya resini, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo, ipimwe na isikisiwe. Ukiongeza ili kazi iishe haraka, resini itachemka, itapasuka na pengine kutoa moshi. Usilaze tabaka nyingi nene kwa mkupuo mmoja kwa sababu hiyo hiyo. Na hapa naomba unisikilize sana: usichanganye hadena na kobalti (dawa ya kuharakisha ukaukaji) moja kwa moja, kamwe, kwa kuwa huweza kulipuka. Kila kimoja kiingie kwenye resini kwa wakati wake. Tone moja la hadena likiingia jichoni linaweza kukupofusha, kwa hiyo vaa miwani ya kazi kabla hujafungua chupa. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke wa stairini, kimiminika chenye harufu kali kilichomo ndani ya resini. Tafuta yenye kichujio cha kaboni, na fungua milango.

Jelikoti, yaani resini ya uso wa nje inayopakwa kwenye kalibu kabla ya tabaka za mkeka, iwe na unene wa nusu milimita hivi. Ikiwa nyembamba mno, au ukiiwahi kabla haijashika, stairini ya tabaka linalofuata itaila na uso utakunjamana. Iguse kwa kidole: inate, lakini isitoke na kidole.

Kifuniko cha pili nilikitengeneza kwa tabaka nne badala ya tatu, na bado kilikuwa chepesi: cha kwanza kilikuwa na kilo 7.5, hiki kilo 6. Kilinesa kidogo nilipokibonyeza, nami sikuongeza resini. Nililaza mbavu mbili za povu gumu upande wa ndani, nikazifunika kwa mkeka, na kunesa kukaisha kwa uzito mdogo sana. Nilichoma kipande cha ukingo wake pia, gramu 20 zile zile. Zilibaki gramu 6.2.