Kuongeza mng'ao wa aflatoksini B1 na G1
Ndugu, umeuliza kwa nini, unapopima aflatoksini (sumu za ukungu kwenye nafaka, zikiwemo aina B1, B2, G1 na G2) kwa HPLC, mashine inayotenganisha kemikali za sampuli, vilele vya B1 na G1 kwenye grafu ni hafifu kuliko vya B2 na G2. Hiyo si dalili ya kigunduzi kibovu (kifaa kinachopima mng'ao), kwa maana maji yaliyomo katika kimiminika kinachosukuma sampuli hufifisha sana floresensi (mng'ao) ya B1 na G1. Weka, kati ya kolamu (bomba linalotenganisha kemikali) na kigunduzi, koili ya mrija wa kupitisha kimiminika hicho inayozunguka taa ya urujuanimno ya nanomita 254, ili B1 na G1 zigeuke kuwa kemikali zinazong'aa zaidi. Binafsi naipendelea njia hii kuliko ile ya kuongeza mng'ao kwa bromini, kwani haihitaji kitendanishi chochote. Hata hivyo, kwa mahindi, ambayo kikomo chake cha B1 Afrika Mashariki ni mikrogramu 5 kwa kilo, usiache kusafisha sampuli kwanza kwa kolamu ya kingamwili, yaani yenye protini zinazonasa aflatoksini.