Okidi za "utamaduni wa tishu"? Hapana, sema hivi

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Usa River mwenye kitalu cha maua pembeni ya barabara ya kwenda Moshi. Anasema: "Shikamoo mwalimu. Nimeanza kuuza okidi za maabara, zile zinakujaga kwenye chupa. Kijana wa mabango kaniandikia OKIDI ZA UTAMADUNI WA TISHU. Mama mmoja mtu mzima akaniuliza ni za mila ya kabila gani, mteja mwingine akasema kama ni za maabara basi zimebadilishwa vinasaba, hazitaki. Niandikeje? Na ni okidi hizi au maokidi haya?"

Marahaba mdogo wangu. Hilo bango lifute leo leo. Kijana kaingiza maneno ya Kiingereza, tissue culture, kwenye simu na simu ikamtolea hayo, na shida ni kwamba neno lao la kalcha lilianzia kwenye kulima, huko kwenye Kilatini, mila na desturi zikaja kuingia baadaye, kwahiyo kwao likikaa maabara halimshangazi mtu. Utamaduni wetu haujawahi kupita shambani. Neno limetoka Kiarabu, ukoo mmoja na madina, yaani mji, na toka mwanzo linazungumzia maisha ya watu waliostaarabika. Mche hauna utamaduni. Alafu tishu nayo, darasani kwenye baiolojia ni kundi la seli zinazofanya kazi moja, lakini ukiitamka sokoni Tengeru unapewa karatasi za chooni. Yule mama aliuliza swali la haki kabisa.

Sasa tuangalie kazi yenyewe maana neno zuri linatoka humo. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina akiba ya chakula, porini inategemea kuvu aingie ndani ailishe ndo iote. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Marekani alionyesha kwamba inaota hata bila kuvu, ukiiweka juu ya jeli yenye sukari na madini. Mwaka 1960 Georges Morel wa Ufaransa akaja na njia ya kukata kale kancha kadogo sana ka chipukizi la okidi aina ya Cymbidium, akakalea kwenye chupa, kakatoa vitufe vya kijani, ukivikata vile vitufe vinazaa vingine, na kila kimoja kinaweza kuwa mche unaofanana na mama yake. Nyanyua chupa moja hapo kitaluni uielekeze kwenye mwanga uone: kuna vitufe bado vya mviringo, vingine vimeshachomoza kijani kimoja chembamba, na vimizizi vyeupe vinanyemelea jeli. Hicho kitu kinafanya nini? Kinaota! Na aliyekiweka anaotesha. Neno tulikuwa nalo siku zote, bibi anaotesha mbegu za mchicha, hospitali wanaotesha makohozi kutafuta vijidudu vya kifua kikuu, na hiyo ya hospitali kwa Kiingereza ni kalcha hiyo hiyo. Kwahiyo kuotesha tishu, au ukuzaji tishu, yote sahihi, mimi napenda kuotesha kwa sababu mkulima haitaji kuelezwa. Bangoni weka tu OKIDI ZA CHUPA, chupa mteja anaiona kwa macho.

Hilo la vinasaba ndo linaniumiza zaidi maana hapo neno linakunyima mteja. Kuotesha tishu ni kutoa nakala. Kupandikiza jeni, yaani hivyo vinasaba, ni kuchukua jeni ya kiumbe kingine na kuiingiza kwenye seli, ama kwa kumtumia bakteria anayeitwa Agrobacterium ambaye kwa asili yake anajua kuingiza jeni zake kwenye mimea, ama kwa kufyatulia seli chembe ndogo za dhahabu zilizopakwa DNA, yaani kemikali inayobeba jeni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chiba, Japani, walipata okidi ya bluu kwa jeni ya mmea wa jamii ya lile jani linalotambaa chini ya migomba, lenye viua vya bluu vinavyosinyaa kabla ya jioni. Seli ikishapandikizwa lazima ioteshwe kwenye chupa, na hapo ndipo watu wanapochanganya. Mbege, ile pombe ya Wachaga, imetoka kwenye ndizi lakini si kila ndizi ni mbege.

Kwanini nasema kupandikiza na si kubadilisha? Kubadilisha ni pana mno, hata hela unabadilisha. Kupandikiza tumeshaizoea, figo inapandikizwa, yaani kitu kimetoka kwingine kimewekwa hapa kikashika. Uhawilishaji jeni nao upo na ni mzuri kwenye maandishi, ni neno lile lile la TASAF la uhawilishaji fedha, ila hapo Usa River kuna kituo cha uhimilishaji wa ng'ombe, ukiteleza herufi mbili tatu umeshampeleka mtu kwenye mbegu za dume. Kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mche mwingine, waachie watu wa parachichi. Na nasema jeni kwa sababu vinasaba, japo ni neno zuri lililotoka kwenye nasaba, siku hizi mtu akilisikia anawaza kupima mtoto ni wa nani.

Ngeli haina ugumu: okidi hii, okidi hizi, ua la okidi, maua ya okidi. Maokidi ni ya mtu anayeshangaa wingi wake, bangoni usiiweke.

Chini ya OKIDI ZA CHUPA ongeza kwa herufi ndogo: zimeoteshwa maabara, hazijapandikizwa jeni. Ila huo mstari wa pili muulize kwanza anayekuletea chupa, akikuhakikishia ndo umwite kijana na rangi yake.