Egnogi ya Krismasi bila maziwa ya ng'ombe: anza na tui la nazi

Ninaishi Columbus, katika jimbo la Ohio, na kila Desemba inapoingia friji za madukani hujaa makasha ya egnogi, kinywaji kizito cha rangi ya manjano hafifu kinachotengenezwa kwa maziwa, krimu, viini vya mayai, sukari na kungumanga. Kwa Wamarekani wengi Krismasi haijatimia mpaka kinywaji hicho kiwe mezani. Asili yake ni Uingereza, ambako tangu enzi za kale watu walikunywa maziwa ya moto yaliyochanganywa na pombe na viungo. Kilipovuka bahari na kufika katika makoloni ya Amerika, ramu ya visiwa vya Karibi ikachukua nafasi ya mvinyo wa Ulaya uliokuwa ghali. Nilikipenda tangu bilauri ya kwanza, lakini usiku uleule tumbo lilinijaa gesi na kuninyima usingizi. Tangu hapo nimekuwa nikikitengeneza mwenyewe bila maziwa ya ng'ombe, na mengi niliyoyajua nimeyajua kwa kuharibu kwanza.

Jambo la kwanza halihusu upishi. Kabla ya kumtengenezea mtu mwingine, muulize kwa nini hatumii maziwa, kwa sababu majibu mawili yanayofanana sana yana maana tofauti kabisa. Mimi sistahimili laktosi, yaani utumbo wangu hautoi kimeng'enya cha laktasi cha kutosha kusaga sukari iliyomo kwenye maziwa. Hali hii ni ya kawaida kwa watu wazima wengi duniani, nayo husumbua bila kuhatarisha maisha. Mtu wa namna yangu anaweza hata kutumia maziwa ya dukani yaliyokwisha kuondolewa laktosi. Mwenye mzio wa maziwa ni mtu mwingine. Mwili wake hupambana na protini za maziwa, kama vile kaseini, na kiasi kidogo tu chaweza kumwua. Kwake yeye maziwa yaliyoondolewa laktosi bado ni sumu.

Tofauti hiyo niliijua kwa uchungu. Mwaka mmoja nilimtengenezea mtoto wa kaka yangu, ambaye ana mzio huo, egnogi niliyoamini kuwa ni salama. Ili iwe nzito nilitia vijiko vitatu vya krimu ya unga ya kahawa, kwa kuwa mbele ya kopo paliandikwa kwa herufi kubwa kwamba si bidhaa ya maziwa. Alipiga mafunda mawili, akaweka bilauri chini, akaniambia, "Shangazi, ulimi unaniwasha." Midomo yake ilikuwa imeanza kuvimba. Wifi yangu alikuwa na sindano ya dharura ya epinefrini mkobani, akamchoma pajani papo hapo, nasi tukaita gari la wagonjwa. Mtoto alipona. Niliporudi nyumbani usiku nilisoma nyuma ya lile kopo, na pale, kwa herufi ndogo, paliandikwa kaseinati ya sodiamu, inayotokana na maziwa. Kwa hiyo nakusihi usiyaamini maneno ya mbele ya kopo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2004 inawataka watengenezaji wataje wazi maziwa na vizio vingine vikuu kwenye vyakula vilivyofungashwa, na habari hizo ziko kwenye orodha ya viambato. Isome hadi mwisho, hata kama ni bidhaa uliyoinunua mwaka jana.

Sasa twende jikoni. Kosa la watu wengi, na langu kwa miaka miwili, ni kutafuta kitu kinachofanana na maziwa kwa sura. Nilikuwa nikichukua maziwa ya lozi na kuyamimina mahali pa maziwa ya ng'ombe, kisha nikashangaa kupata maji matamu yenye harufu ya kungumanga. Uzito wa egnogi unatokana na mafuta na viini vya mayai. Mamlaka ya chakula ya Marekani inataka egnogi ya dukani iwe na angalau asilimia 6 ya mafuta ya maziwa, ilhali maziwa mengi ya lozi yanayouzwa kwenye makasha hayakaribii hata nusu ya hapo. Mimi nilizaliwa Muheza, mkoani Tanga, nikakua nikiona nazi ikikunwa na tui zito likitengwa na tui jepesi, na bado ilinichukua muda mrefu kukumbuka kwamba krimu niliyoitafuta naijua tangu utotoni.

Kwa watu sita natumia kopo moja la tui zito la mililita 400, lile lisilopunguzwa mafuta, pamoja na kiasi hichohicho cha maziwa ya oti yasiyotiwa sukari. Tui peke yake hufunika ladha nyingine zote, oti hulituliza. Navipiga viini 5 vya mayai kwa gramu 80 za sukari mpaka vigeuke vyeupevyeupe na kuanguka kutoka kwenye kijiko kama utepe. Tui na oti vinapashwa moto wa wastani pamoja na kijiti cha mdalasini, iliki nne zilizopondwa na chembe ya chumvi, na vinapoanza kutoa mvuke, kabla ya kuchemka, naumimina mchanganyiko huo kidogo kidogo juu ya viini huku mkono mwingine ukikoroga bila kusita. Ukivimwagia kwa pupa, utapata mayai ya kuvuruga. Baada ya hapo vyote vinarudi kwenye sufuria, moto mdogo, mwiko ukizunguka hadi chini.

Hapa ndipo pa kutazama kwa makini. Povu la juu litaanza kutoweka, na mchanganyiko utaufunika mgongo wa mwiko. Ukipitisha kidole, mstari ubaki wazi. Ukiwa na kipimajoto, epua kikifika kati ya nyuzi 72 na 76 za Selsiasi. Mayai huhesabiwa kuwa salama yakifika nyuzi 71, na yakizidi sana 80 huanza kuganda vipande vipande. Chuja, kwaruza punje ya kungumanga juu yake, kisha acha kwenye friji usiku mzima. Kungumanga ya unga iliyokaa kabatini tangu mwaka juzi haina tena harufu, basi nunua punje nzima.

Maziwa ya oti yasipashwe peke yake kwa muda mrefu, kwani wanga wake hugeuka mlenda. Ya soya yana protini nyingi na hufaa, isipokuwa ladha ya maharage hubaki nyuma ya ulimi, nami siipendi.

Asiyekula mayai anaweza kutumia korosho. Loweka gramu 150 za korosho mbichi katika maji ya moto kwa saa mbili, zimwage maji, uzisage kwenye blenda pamoja na tende sita zilizotolewa kokwa na mililita 700 za maji safi. Manjano kidogo kwenye ncha ya kisu hurudisha rangi. Lakini korosho nazo ni kizio kikubwa, kwa hiyo uliza tena.

Watu wa Puerto Rico wana kinywaji chao cha Krismasi kiitwacho coquito, kilichojengwa juu ya nazi, ramu na mdalasini, na ukialikwa kwao utakifurahia. Ila mapishi mengi hutia pia maziwa mazito ya kopo ya ng'ombe, basi usidhani nazi peke yake inatosha kukuhakikishia. Kuhusu ramu, egnogi haiihitaji. Sisi hatuitii, na hakuna mgeni aliyewahi kuiulizia.

Asubuhi utakuta tabaka gumu jeupe limeelea juu. Usitupe. Ni mafuta ya nazi, ambayo huganda kwenye baridi; piga tena kwa blenda kwa nusu dakika na yatarudi kuwa laini. Kwenye friji hukaa siku tatu, na mezani nisingeiacha zaidi ya saa mbili. Ya mtoto wa kaka yangu naitia kwanza kwenye chupa yake, kabla kitu chochote chenye maziwa hakijafunguliwa jikoni, naifunga utepe mwekundu shingoni, na kikombe chake anakishika mama yake.