Tiketi imeandikwa 18:30: maswali yenu kuhusu Louvre ya usiku

Wiki mbili zilizopita niligusia hapa kwamba niliwahi kuingia Louvre, lile jumba kubwa la sanaa la Paris, jioni badala ya mchana. Sikujua Lamu ina wasafiri wengi kiasi hiki. Najibu machache.

Mwanangu kanikatia tiketi ya Ijumaa, imeandikwa 18:30. Ni saa sita na nusu? (Mama, Langoni)

Sivyo, mama. Kwa saa yetu ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Siku nyingi Louvre hufungwa saa kumi na mbili, na Jumanne haifunguliwi kabisa. Jumatano na Ijumaa ndizo huendelea hadi saa tatu usiku. Lakini usihesabu hadi hiyo saa tatu, maana walinzi huanza kutoa watu vyumbani nusu saa kabla. Una saa mbili.

Mchana kuna nini hata twende jioni? (Kijana, Shela)

Kuna watu! Mwaka 2024 waliingia kama milioni 8.7. Jioni makundi ya watalii yanarudi kula, na vyumba vya pembeni vinabaki na mlinzi na wewe. Bei si ndogo: tangu Januari 2026 mgeni asiyetoka Ulaya hulipa yuro 32. Aliye chini ya miaka 18 haingii kwa pesa.

Magharibi itatukuta ndani? (Ustadh, Matondoni)

Inategemea mwezi. Sisi jua letu halihangaiki, linazama wakati uleule karibu mwaka mzima. Paris mwezi Juni linazama karibu saa nne usiku, kwa hiyo alasiri unaiswali kabla ya kuingia na magharibi inakukuta umeshatoka. Desemba linazama kama saa kumi na moja, umeshaswali ndipo unapanga foleni.

Tuna saa mbili hizo tu. Tuone nini? (Mume na mke, Mkomani)

Kila mtu atawaambia Mona Lisa. Mtaiona, ila msianzie hapo. Ni ubao wa sentimita 77 kwa 53 nyuma ya kioo, na mbele yake ni vichwa na simu. Mimi nilichoka nikageuka, nikakuta ukuta wa pili una picha ya mchoraji Veronese ya arusi ya Kana, ile ya kwenye Injili, upana wake karibu mita 10, na chumba kizima kimeipa mgongo. Wanajeshi wa Napoleon ndio walioitoa Venice mwaka 1797.

Anzieni chini, kwenye sanaa za Kiislamu, sehemu iliyofunguliwa 2012. Paa lake la rangi ya dhahabu limeinama na kuinuka kama tanga linaloanza kushika upepo. Humo mna beseni la shaba ambalo bibi zetu wangeliita tasa, upana wake kama nusu mita, limepambwa kwa fedha na dhahabu: wapanda farasi, wanyama wanaofukuzana. Fundi wake, Muhammad ibn al-Zayn wa zama za Mamluki, watawala wa Misri na Shamu, amelitia jina lake mara sita, na mengine ameyaficha ndani ya michoro. Inameni mtafute. Kisha mfikirie kwamba mwaka 1606 tasa hilohilo lilitumika kumbatiza Louis XIII, aliyekuja kuwa mfalme wa Ufaransa.

Humohumo mna kasha la pembe ya ndovu la Cordoba, Uhispania, la mwaka 968. Aliyeiona siwa ya Pate, lile baragumu la pembe ya ndovu, hahitaji kuelezwa kazi ya pembe ilivyo.

Mkitoka hapo pandeni ngazi kubwa, mtamkuta mwanamke wa mawe wa Samothrace, kisiwa cha Ugiriki, mwenye mbawa, asiye na kichwa wala mikono. Wengine wote hutazama mbawa. Nyinyi tazameni alichosimama juu yake: ni omo la chombo. Nilikaa pale nikitafuta namna mbao zake zingeungana, hadi mlinzi akanitupia jicho.

Kabla ya kwenda angalieni kwenye tovuti yao vyumba gani viko wazi siku hiyo, kwani si vyote hufunguliwa kila siku.

Picha zinaruhusiwa? (Hakutaja mtaa)

Ndiyo, bila flashi. Kijiti cha kupigia selfi kiache hotelini. Na makubadhi mapya pia, sakafu ile itakutoa malengelenge.

Mwalimu, watu wa Lamu mwaende Paris kutazama vyombo, na jumba la makumbusho la kwetu pale mbele ya bahari mumeliingia? (Babu, Mkomani)

Babu, umenishika. Niliingia mara ya kwanza na wanafunzi, nikiwa na miaka arubaini na mbili.