GPS inasema lita 30 zimeshuka Kitonga: nimfukuze dereva?

SWALI: Fundi, salaam. Nina semi tatu zinazotoa mzigo wa transiti bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi, Kongo. Nimezifunga GPS zenye sensa ya mafuta, na sasa silali. Kila gari likipandisha mlima Kitonga, kabla ya Iringa, mchoro unaonyesha lita 25 hadi 30 zimeshuka ghafla. Dereva wangu wa mwaka wa sita anaapa hajagusa tangi. Tena magari yanapotea kwenye ramani: saa nzima porini Mikumi, na yakishavuka mpaka wa Zambia pale Tunduma hata siku mbili. Aliyeniuzia anasema ninunue kifaa kinachotuma taarifa kwa setilaiti. Nimfukuze dereva, ninunue kifaa, au vyote? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Wa Mbeya, dereva muache kwanza, na pesa ya setilaiti ibaki mfukoni.

Sensa haipimi lita. Inapima kimo cha mafuta pale tangi lilipotobolewa kuiingiza, halafu programu inageuza kimo kuwa lita kwa kufuata jedwali lililoandaliwa siku ya kufunga. Chukua tangi la lita 600 lenye kimo cha sentimita 60: kila sentimita ni lita 10. Kama fundi aliweka sensa sentimita 30 mbele ya katikati ya tangi, gari likipanda mwinuko wa asilimia 8 mafuta yanalalia nyuma, na kimo penye sensa kinashuka sentimita 2.4. Hizo ni lita 24 "zilizoibwa" gari likiwa linatembea, na hakuna utingo anayeweza kunyonya mafuta kwa mpira huku semi imebeba kontena inapandisha Kitonga.

Fungua mchoro uangalie baada ya hapo. Mstari ukirudi juu gari linapokaa tambarare kuelekea Iringa, mwizi wako ni mlima. Wizi wa kweli una sura nyingine: gari limesimama, swichi imezimwa, mstari unaporomoka kwa dakika chache na haurudi tena. Usiku wa baridi kama wa Makambako nao una ujanja wake. Dizeli husinyaa inapopoa, na tangi la lita 600 likipoa kwa nyuzi 15 linaweza kuonyesha pungufu ya lita 7 hivi bila mtu kulisogelea. Mimi nikiona pungufu ya lita 7 asubuhi simuulizi mtu. Lita 40 saa nane usiku, hapo nauliza.

Upo pia wizi ambao matajiri wengi hawautazami kwa sababu una risiti. Risiti inasema lita 400, tangi limepanda 350. Hapo ndipo sensa inapolipa gharama yake, maana kituoni gari limesimama pasawa na kipimo kinasomeka vizuri. Linganisha kila risiti na mchoro wa saa ileile.

Ila kabla ya kumtuhumu yeyote, mrudishe aliyekufungia apime upya: tangi tupu, gari pasawa, ajaze lita 20 kwa 20 akiandika sensa inasoma nini kila hatua. Asiposogeza sensa katikati ya tangi, aweke mbili, moja kila mwisho, na programu ichukue wastani. Wengi hunakili jedwali la gari lingine ili wamalize haraka. Hilo usilikubali, hata kama magari ni ndugu.

Sasa kupotea. Kifaa chako kinafanya kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Kazi ya kwanza ni kupokea mawimbi ya setilaiti za GPS, zilizo juu kiasi cha kilomita 20,200. Kikizisikia angalau nne kinajua kilipo, porini au mjini. Ya pili ni kukutumia habari hiyo, na hii inapitia laini ya simu kama simu yako tu. Mtandao ukikosekana, kifaa kizuri huhifadhi alama zake na kuzimwaga zote kikipata mnara. Kwa hiyo omba ripoti yenye saa mbili: saa gari lilipokuwa mahali, na saa taarifa ilipofika kwenye seva. Pengo la Mikumi likijazwa baadaye, ilikuwa mtandao tu. Lakini kama kifaa chako huhifadhi alama na bado mstari unaruka moja kwa moja kutoka alama moja hadi nyingine bila kujazwa kamwe, huenda kifaa kilizimwa, kilikatwa waya, au mtu ana kizuia mawimbi. Hapo una haki ya kumwita dereva.

Baada ya Tunduma tatizo huwa jepesi zaidi. Mara nyingi laini haijaruhusiwa kutumia mitandao ya nje, au imeruhusiwa lakini ndani ya kifaa ruhusa hiyo imefungwa. Weka laini inayofanya kazi Zambia na Kongo, kisha punguza mwendo wa kutuma: badala ya kila sekunde 30, dakika 5 zinatosha ukiwa nje. La sivyo bili itakukimbiza.

Wala usitegemee ile sili ya kielektroniki ya forodha. Ile inalinda mzigo kwa niaba ya TRA, mamlaka ya mapato, inabaki upande huu wa mpaka, na haijui lolote kuhusu tangi lako.

Kitu ambacho hukuniuliza ndicho ningekianza mimi. Chora uzio kwenye ramani kuzunguka geti la bandari, kila mzani, Tunduma na Nakonde (upande wa Zambia), Kasumbalesa mpakani mwa Zambia na Kongo, na yadi ya mteja. Programu itaandika saa ya kuingia na ya kutoka. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde kilifunguliwa 2019 ili kupunguza kusimama mara mbili, lakini gari ambalo nyaraka zake hazijakamilika litalala palepale. Semi iliyosimama siku tatu inakula posho, marejesho ya benki na safari ijayo, na hasara hiyo inazipita mbali lita 30. Kusanya safari kumi, weka saa za kusubiri kwenye karatasi moja, na uende nayo kwa wakala wako wa forodha mtakapokaa kujadili bei.