Wateja wa lishe wanakuja mara moja na kupotea: namna ya kupanga ufuatiliaji

Mleta mada, umesema una ofisi ndogo ya ushauri wa lishe hapo Dar, uko peke yako, una wateja kama 40, wengi ni wa kisukari, presha na uzito, na zaidi ya nusu hawarudi baada ya siku ya kwanza. Ukiwatumia meseji wanakujibu "naendelea vizuri" na habari inaishia hapo. Kisha ukauliza ununue programu gani.

Programu niiweke mwisho, maana tatizo lako halianzii huko. Mteja wa lishe ni mara chache apotee kwa kusahau. Anapotea kwa aibu: Jumamosi amekula pilau ya harusi, Jumapili akamalizia kiporo, Jumatatu akaona heri asije kabisa kuliko kuja kusemwa. Anayefuata ni yule aliyeishiwa hela. Kumbusho la simu haliwasaidii hawa wawili. Ndiyo maana ufuatiliaji unapangwa dakika 10 za mwisho za siku ya kwanza, mteja akiwa bado kitini.

Dakika hizo 10 zina kazi tatu. Ya kwanza ni tarehe ya kurudi: siku, tarehe na saa, imeandikwa kwenye kadi kabla hajanyanyuka. "Utanipigia ukipata nafasi" maana yake hatapiga. Hapo kuna mtego mdogo wa saa zetu. Kalenda ya simu inaandika 10:00, mteja anasoma saa 10, anakuja jioni wewe umeshafunga. Andika zote mbili: "Jumanne tarehe 14, saa 4 asubuhi (10:00)".

Ya pili ni kukubaliana jambo MOJA la kubadilisha, linalopimika kwa vyombo vya nyumbani kwake. "Punguza wanga" halipimiki. "Sukari kwenye chai kijiko kimoja badala ya vitatu", au "ugali usizidi ukubwa wa ngumi yako, mboga za majani zijaze nusu ya sahani", hayo yanapimika. Andika maneno yale yale kwenye kadi yake na kwenye faili lako, kwa sababu meseji zako zote zitauliza hilo tu. Ukimpa masharti saba, akishindwa mawili anajiona ameshindwa yote.

Ya tatu: nani anapika? Mzee mwenye presha anaweza kukubaliana na wewe kila kitu, lakini chumvi iko mkononi mwa mke, mkwe au dada wa kazi. Omba ruhusa, chukua namba ya mpishi, zungumza naye dakika 5 siku hiyo hiyo. Kadi ikibaki mfukoni mwa mzee, jikoni hakuna kitakachobadilika.

Sasa ratiba. Kwa mteja wa kawaida wa uzito au kisukari aina ya pili ambaye hali yake imetulia: ujumbe siku ya 3, kurudi siku ya 14, kurudi wiki ya 6, kurudi wiki ya 12 akiwa na vipimo vya maabara. Baada ya hapo kila miezi miwili au mitatu inatosha. Siku ya kwanza tenga dakika 60, za kurudi dakika 25 hadi 30.

Usiisogeze siku ya 14, na sababu yake ni maji. Mtu anapopunguza chakula cha wanga, mwili hutumia kwanza akiba ya sukari iliyomo kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na maji gramu 3 hivi. Wiki ya kwanza anaweza kushuka kilo 2 akashangilia. Wiki ya tatu mizani inasimama, au inapanda kidogo, naye anadhani mpango umekufa. Hapo ndipo wengi wanapopotelea. Siku ya 14 ndiyo nafasi yako ya kumwambia mapema kwamba kusimama huko kunakuja, na kwamba uzito wa mtu unaweza kupanda na kushuka kilo 1 au zaidi kwa siku moja kwa sababu ya chumvi, maji, choo au hedhi. Aliyeambiwa kabla hashtuki.

Kwa HbA1c, kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, usimtume mteja maabara wiki ya sita. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo kipimo cha mapema bado kinabeba sukari ya zamani, na mteja atalipa hela apate namba ya kumkatisha tamaa. Mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu, namba hiyo inaweza kudanganya kabisa. Tumia rekodi za kipimo cha kidole na umshirikishe daktari wake.

Turudi kwenye ujumbe, maana hapa ndipo wengi tunapoharibu. "Habari dada, unaendeleaje na diet?" Kwa Kiswahili swali hilo ni salamu, na salamu ina jibu lake: "Namshukuru Mungu." Amekujibu kwa adabu na wewe hujajua chochote. Uliza kitu ambacho hakijibiki kwa shukrani:

"Shikamoo mama. Jana asubuhi ulikunywa chai na nini, na sukari vijiko vingapi?"

Swali la namna hiyo halina hukumu, na linajibika kwa sekunde 20. Akikujibu "vijiko vitatu, nimeshindwa", usimpe mhadhara. "Asante kwa kuniambia ukweli. Wiki hii tujaribu viwili." Mtu aliyekiri kosa na hakusemwa, huyo anarudi. Usiulize uzito kwa meseji hata siku moja. Mizani ya nyumbani kwake iko juu ya zulia, ya kwako iko sakafuni, mtabishana bure.

Wazee wapigie simu badala ya kuandika. Na kwa kila mteja kumbuka kwamba ujumbe unaonekana kwenye kioo cha simu hata ikiwa imefungwa, kwa hiyo jina la ugonjwa lisiwemo, hasa kwa mteja wa VVU. Usihifadhi namba kwa jina la "Mama Fulani Kisukari". Tumia namba ya faili. Kundi la WhatsApp la wateja wote pamoja lisiwepo, kwa sababu kila aliyemo anaona namba za wenzake na kujua wote ni wagonjwa wako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo ridhaa ya maandishi ichukuliwe siku ya kwanza, na iseme wazi kama unaruhusiwa kumtumia ujumbe na kuzungumza na mpishi wake. Ukitumia orodha ya matangazo badala ya kundi, jua kwamba ujumbe unawafikia waliohifadhi namba yako tu. Wengi wanaolalamika kuwa "wateja hawajibu" hawajawahi kuwafikia.

Siku anaporudi, usianzie mizani. Anza na jambo lenu moja, kisha chakula cha saa 24 zilizopita tangu alipoamka, mizani baadaye. Angalia maneno pia. "Sikula, nilikunywa chai tu" inaweza kuwa na vitumbua vitatu ndani yake, maana chai kwetu ni mlo. "Kula" kwa wengi ni wali au ugali. Karanga za njiani, mihogo ya kukaanga, soda na embe havihesabiwi mpaka uvitaje kimoja kimoja.

Mafuta ya kupikia hakuna anayejua anatumia kiasi gani, basi uliza dumu. Familia ya watu 5 inayomaliza dumu la lita 5 kwa mwezi, kila mmoja anapata mililita 33 kwa siku, vijiko viwili vya chakula na ziada, karibu kalori 275. Akirudi wiki ya sita, swali ni moja: dumu limefika wapi? Hiyo ni namba ya ufuatiliaji isiyomtia mtu aibu, kwa sababu dumu ni la nyumba nzima.

Mizani yako iwe ile ile, sakafu ngumu, viatu nje, na uandike alivaa nini. Anayevaa buibui hana haja ya kulivua. Avae nguo nyepesi za aina ile ile kila akija. Kila mwezi ipime mizani yenyewe: pima dumu tupu, mimina lita 10 za maji kwa chombo chenye alama za uhakika, tofauti iwe kilo 10. Kiuno pima katikati ya ubavu wa chini kabisa na mfupa wa nyonga, akiwa ameshatoa pumzi.

Kuna mambo hayasubiri tarehe. Mteja wa insulini au glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) akishapunguza wanga, sukari inaweza kushuka mno. Mwambie tangu siku ya kwanza: akitetemeka, akitoka jasho jingi, au kipimo kikasoma chini ya 4 mmol/L, anywe vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji na apime tena baada ya dakika 15. Kisha ampigie daktari wake siku hiyo hiyo. Dozi si kazi yako kubadilisha. Kazi yako ni barua fupi kwa daktari inayosema mteja amepunguza nini na tangu lini. Wanaotaka kufunga Ramadhani na wanatumia dawa hizo, waone wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuanza, na wapitie kwa daktari. Anayekonda bila kukusudia, asilimia 5 ya uzito ndani ya mwezi mmoja, huyo wa hospitali, hata kama mwenyewe amefurahi.

Asipotokea siku ya miadi, tuma ujumbe ndani ya saa moja: "Mama, leo tulikuwa na miadi saa 4. Nimekuwekea nafasi Alhamisi saa 9 alasiri (15:00), au unichagulie siku nyingine." Usimuulize kwa nini. Siku ya tatu piga simu mara moja. Baada ya wiki mbili ujumbe wa mwisho wa kuacha mlango wazi, kisha nyamaza. Ukimfuata zaidi ya hapo atakublock.

Hela. Tuseme unatoza 50,000 siku ya kwanza na 20,000 kila kurudi. Jumla ya mara nne ni 110,000. Weka kifurushi cha 95,000 kwa miezi minne, kilipwe kwa awamu mbili kupitia Lipa Namba, nusu siku ya kwanza na nusu siku ya 14. Aliyekwisha kulipia kurudi, anarudi. Usiuze kifurushi kwa kuahidi kilo. Uza idadi ya kuonana. Tarehe za kurudi baada ya ile ya siku ya 14 zisogeze karibu na mishahara, na Januari usipange malipo ya awamu ya pili, ada za shule zimeshapita nayo.

Muda wako pia una hesabu. Wateja 40, kila mmoja meseji mbili kwa wiki, dakika 5 kila moja, ni dakika 400, karibu saa 7. Ndiyo maana unachoka. Tenga saa moja mchana kwa siku tatu za wiki, waambie wateja mapema, na weka mpaka: swali la jambo mlilokubaliana linajibiwa bure, tatizo jipya linasubiri miadi.

Sasa programu. Kwa wateja 40 jedwali la Excel lenye nywila linatosha: namba ya faili, tarehe aliyoonekana mwisho, tarehe ya kurudi, jambo moja, mpishi, salio la malipo. Panga kwa tarehe ya kurudi. Kila Ijumaa tafuta mistari ambayo tarehe hiyo haijajazwa au imepita, na hao ndio utakaowapigia Jumatatu.