Rongai ya elfu 9 au Kilimani ya elfu 25? Piga hesabu hii kabla hujalipa dipoziti

Mdogo wangu, hongera kwa kazi. Umeeleza kwamba unatoka Kakamega, unaanza kazi Upper Hill, Nairobi, mwezi ujao, barua ya kazi inasema 65,000 kwa mwezi, na umebaki na nyumba mbili za kuchagua. Moja ni studio ya Kilimani kwa 25,000, ambapo kazini utafika kwa miguu. Ya pili ni bedsita, chumba kimoja cha kulala na kupikia, ya Rongai kwa 9,000, na binamu yako anayeishi huko anakwambia ndiko kila mtu anakoanzia. Mimi ningeziacha zote mbili. Nimekaa Rongai miezi 14, nikakaa Pipeline karibu mwaka mzima, na sasa niko Riruta mwaka wa sita, na muda huo wote kazi yangu imekuwa hapo hapo Upper Hill. Kwa hiyo ninayokwambia nimeyalipia.

Tuanze na mshahara. 65,000 hutaiona. NSSF, mfuko wa uzeeni, wanachukua asilimia 6, ambayo ni 3,900. SHIF ya afya ni asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, halafu inakuja PAYE, ushuru wa mapato unaokatwa kwenye mshahara. Kwa makato ya sasa utapokea 48,000 na mia chache. Mwenzangu mmoja ofisini alichukua nyumba ya 22,000 akijua ni theluthi ya mshahara wake, kwa sababu alikuwa anasoma ile namba ya kwenye barua. Kumbe ilikuwa karibu nusu ya kinachoingia kwenye akaunti. Kila ikifika tarehe 12 alikuwa anaishi kwa mikopo ya simu, na ilimchukua mwaka kujinasua.

Umesema pia utamtumia mama 6,000 kila mwezi. Hiyo iondoe kabla ya kodi, siku ile ile mshahara unapoingia, usiiweke kwenye kile kitakachobaki. Nairobi hakuna kinachobaki chenyewe. Basi tuna 42,000 za kuishi. Ukilipa Kilimani unabaki na 17,000 za chakula, gesi, stima, simu, nguo za kazi na akiba. Inawezekana, lakini ukiugua wiki moja tu, au shule ya dada yako ikimrudisha nyumbani kwa ajili ya karo, huna pa kushika.

Sasa Rongai, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi tunapodanganyika na bei.

Nilikuwa naamka saa kumi na nusu alfajiri. Ukifika steji saa kumi na moja unapata gari na unafika mjini kabla ya saa moja. Ukichelewa dakika 20 tu, Lang'ata Road imeshajaa na unafika kazini saa mbili unusu ukiwa umechoka kabla hujaanza. Jioni ni hivyo hivyo. Kwa wastani nilitumia saa nne barabarani kila siku ya kazi. Zidisha kwa siku 22: ni saa 88 kwa mwezi, zaidi ya siku tatu na nusu, usiku na mchana, umekaa kwenye kiti cha matatu.

Halafu mvua. Nakumbuka jioni moja ya Aprili pale Railways, watu wamejaa hadi barabarani, maji yanafika kwenye vifundo vya miguu, na makanga amesimama mlangoni na vidole viwili juu, hasemi kitu. Vidole viwili ni 200, na asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimelipa 80. Mama mmoja mbele yangu mwenye mtoto mgongoni alihesabu sarafu zake mara mbili, akarudi nyuma kusubiri mvua ipungue. Siku hiyo nilifika nyumbani saa nne kasoro usiku. Ukifika saa hizo hupiki. Unanunua chipsi pale steji, unalala. Hiyo pesa ya chipsi ni sehemu ya kodi ya Rongai, ingawa hakuna tangazo linaloitaja.

Weka bei za sasa: nauli 120 asubuhi na 150 jioni ni kama 5,900 kwa mwezi, bila kuhesabu siku za mvua. Chakula cha kununua siku tatu kwa wiki, 200 kila siku, ni 2,400. Ongeza kodi ya 9,000. Nyumba ya elfu 9 imekuwa ya 17,300.

Nisimkosee binamu yako. Rongai kuna nafasi, kuna hewa, na kwa pesa ya bedsita ya mjini mtu mwenye familia anapata vyumba viwili na mahali pa watoto kucheza. Mwenye duka huko, au anayefanya kazi Karen, ana kila sababu ya kukaa. Wewe ni mtu mmoja, unaanza kazi ambayo watakupima kwa miezi mitatu ya kwanza, na unatakiwa Upper Hill saa mbili kamili.

Nilipochoka na barabara nilihamia Pipeline kwa ajili ya kodi, 7,000. Huko nikajifunza kuhusu maji. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi inatoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na hayatoshi jiji zima, ndiyo maana mitaa hupewa kwa zamu. Kwetu yalikuja Alhamisi usiku. Unasikia bomba la chini linaanza kukohoa, mtu anagonga geti la chuma mara tatu, na wapangaji wa ploti nzima wanashuka na mitungi. Nilikuwa na mitungi minane ya lita 20, nyumba yangu ghorofa ya tano, ngazi nyembamba na watu wanapanda na kushuka gizani. Ukilala fofofo usiku huo, wiki nzima unanunua kwa mkokoteni, shilingi 50 kwa mtungi ukipandishiwa juu. Mitungi miwili kwa siku, kwa siku 15 za mwezi, ni 1,500. Na kwa sababu jengo la jirani lilikuwa umbali wa mkono kutoka dirishani kwangu, taa iliwaka hata saa saba mchana.

Kuhusu hiyo taa, kuna jambo watu wengi hawajui. Kenya Power, kampuni ya stima, hutoza kwa ngazi: anayetumia kidogo sana, hadi yuniti 30 kwa mwezi, hulipa bei ya chini kabisa. Lakini ploti ikiwa na mita moja kubwa na mwenye nyumba ameweka mita ndogo za tokeni kwa kila chumba, matumizi ya vyumba vyote yanahesabiwa pamoja na yanaangukia bei ya juu, hata kama wewe una balbu moja na chaja ya simu. Juu ya hapo mwenye nyumba anaweka bei anayotaka. Ndiyo maana kila unapoona chumba, uliza: hii mita ni ya Kenya Power au ni ya ploti?

Nilipohama, dipoziti yangu ya 7,000 ilirudi 2,500. Nyingine iliitwa rangi na usafi, ingawa rangi ilikuwa ile ile niliyoikuta. Sikuwa na picha wala karatasi. Usidhani sheria itakukimbilia haraka: ile ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na huku hakuna bedsita ya bei hiyo. Siku unayopewa funguo, piga picha kuta, sinki, choo na soketi, mtumie msimamizi kwa WhatsApp mbele yake, ili tarehe ibaki.

Basi ningekaa wapi na mshahara wako? Mahali popote ambapo gari moja linakufikisha Upper Hill. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza, na cha pili ni maji. Kwa Upper Hill maana yake ni Ngong Road: Dagoretti Corner, Riruta, Satellite. Mimi natembea dakika 12 hadi Dagoretti Corner, napanda gari la Ngong Road, nashuka karibu na Hospitali ya Kenyatta. Nauli ni 50 asubuhi na 70 jioni, jumla 2,640 kwa mwezi. Bedsita safi kwenye ploti yenye kisima utaipata kwa 12,000 ukitafuta kwa miguu. Jumla 14,640. Ni pungufu ya Rongai kwa zaidi ya 2,600, na saa moja usiku uko jikoni kwako, na mama mboga bado hajafunga, sukuma wiki anakukatia ukiwa umesimama.

Kuna njia nyingine ambayo wageni hawaijui: SQ, vile vyumba vya nyuma vilivyojengewa wafanyakazi wa nyumbani, Kilimani na Kileleshwa. Vingine hukodishwa peke yake kwa bei isiyofika nusu ya ile studio. Ni vidogo, na wageni wako watapitia geti la mtu, lakini kazini unatembea. Ukikipata chenye mlango wake na choo chake, kichukue.

Ajenti wa mtandaoni akikutaka utume hata 500 kabla hujaiona nyumba, achana naye. Na usichukue chumba karibu na mto, hata kikiwa na bei nzuri namna gani. Mafuriko ya 2024 yalibeba vitu vya watu usiku, na baada yake serikali ikaja kubomoa majengo yaliyokuwa ndani ya mita 30 za mito.

Njoo wiki moja kabla ya kazi, ulale kwa binamu yako Rongai. Asubuhi mbili toka naye kama unayekwenda kazini, uangalie saa. Uwe na kama 35,000: kodi 12,000, dipoziti 12,000, godoro, mtungi wa gesi wa kilo 6 na sufuria mbili, na nauli ya mwezi wa kwanza uifiche kando. Ukifika kwenye ploti, fungua bomba mwenyewe, halafu muulize mpangaji unayemkuta kwenye kamba ya nguo maji yalikuja lini mara ya mwisho. Msimamizi atakwambia hayakatiki. Kuna ploti tatu huku kwetu ambazo nimeona maji miaka yote sita; nitumie ujumbe ukishafika, Jumamosi mchana huwa niko nyumbani, tutazizungukia pamoja.